Kutoka Kimumu Hadi Voi, Mama Mkwe Akiwa Nyuma ya Leso

Tangu nirudi sina raha ya kutembea. Nikienda kununua maziwa hapa Eldoret naulizwa habari za Voi, nikifika kazini chuoni Chepkoilel naulizwa, na kinyozi wangu naye aliniuliza akiwa ameweka wembe nyuma ya sikio, mahali ambapo mtu hajibu vibaya. Kila mmoja amesikia lake. Kuna waliosikia kwamba injini ilipasuka Mtito Andei. Kuna waliosikia kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyeitengeneza, na hao hawako mbali sana na ukweli. Basi nimeketi niandike mara moja, msome, mniache nipumzike. Tumerudi wote wazima, na furaha niliyo nayo hata nikiwaeleza hamtaijua yote.

Gari mnalijua. Ni lile la buluu mnalolilalamikia Jumapili asubuhi likipita kwenda kujaribiwa Chepsaita. Nilipolinunua lilikuwa gari la kawaida la kupeleka watoto shule. Kwa miaka minne nimelifungua na kulifunga. Nimelitia pistoni nyingine, tabo ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko ile lililozaliwa nayo, bomba la moshi nililochomelea mwenyewe, na mwezi wa nne mwaka huu nikamalizia na injini iliyojengwa upya kutoka chini. Mimi ni fundi wa maabara, magari ni ugonjwa tu. Mke wangu Nafula hulisema gari lile kama mtu anavyomsema mke mwenza.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Mama mkwe wangu ana dada mmoja tu, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Sisi tunamwita Mama Mkubwa. Aliolewa Voi zamani na mtu wa reli, na sasa ni mjane. Tulipigiwa simu kwamba ana uvimbe tumboni na ni lazima apasuliwe Ijumaa asubuhi, kwa sababu daktari wa upasuaji huja pale mara moja kwa mwezi. Mama Mkubwa alikataa kutia sahihi. Alisema hataingia kwenye chumba kile kabla hajamwona mdogo wake. Hospitali ikasema itamngoja mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni, wakati wa kufunga wodi kwa wageni. Baada ya hapo nafasi yake apewe mwingine, na yeye angoje mwezi mzima, ambao daktari alisema wazi kwamba hana.

Mama mkwe wangu anakaa kwa mwanawe wa kiume, nyumba tatu kutoka kwetu. Mgongo wake hauwezi basi. Gari lililokuwepo ni langu.

Kimumu hadi Nakuru

Kwa ninyi ambao kwenu mambo haya ni mepesi, lazima nieleze. Kwetu Samia, mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima yao. Hawashikani mikono, hawali wakiangaliana, na neno likiwapo linapita kwa mtu wa tatu. Vijana wengi wameacha. Mama mkwe wangu hajaacha, nami sina ubavu wa kumfundisha dunia mpya.

Hivyo Alhamisi kabla ya mapambazuko Nafula alifunga leso kutoka kiti changu hadi mlangoni, mama yake akaketi nyuma ya leso na mto mgongoni. Nafula akakaa mbele kwangu, awe mdomo na sikio la pande zote mbili. Mimi nikakigeuza kile kioo cha katikati kikatazama dari, ili nisije nikakutana na macho ya mkwe wangu kwa bahati mbaya. Nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni, kama dereva wa lori.

Gari lilikwenda vizuri sana. Nasema hivi kwa sababu baadaye nitalisema vibaya, na haki itendeke. Burnt Forest tulipita bado giza, Timboroa tukakuta ukungu na watu waliojifunga mablanketi wakiuza mayai ya kuchemsha. Mama mkwe alikunywa chai ndani ya gari. Mimi nilikula mayai manne nikiwa nimesimama nyuma ya buti, mgongo kwa gari, upepo ukiniingia mpaka kwenye mbavu. Mtu aliyeniuzia aliniuliza kama nimekosana na wenzangu.

Baada ya Salgaa askari wa barabarani alitusimamisha. Nilidhani ni kelele ya bomba. Yeye alikuwa ameona kioo.

"Mbona kioo yako inaangalia juu?"

Nikamwambia, "Afande, niko na mama mkwe."

Aliinama, akaona leso, akaona miguu miwili imetulia chini yake. Akasimama wima na kuvua kofia. Kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa upande wetu. Alimsalimu mama kupitia dirisha la upande ule mwingine, akamwuliza habari za mgongo baada ya kuambiwa, halafu akarudi kwangu na kunionya kwa sauti ya chini nisije nikakata kona kwa fujo na mzigo kama ule. Leseni hata hakuiangalia. Nakuru tulijaza mafuta jua likianza kuwa kali.

Mai Mahiu, chini na juu

Shida ilianza chini ya mteremko, pale Mai Mahiu barabara inapoanza kupanda. Kulikuwa na lori la saruji mbele, nikapata nafasi, nikakanyaga. Mnajua gari lile likikanyagwa. Safari hii lilivuta kidogo, halafu likaanza kumisi, pu, pu, pu, kama mzee aliyepaliwa na chai. Nikaachia, likatulia. Nikakanyaga tena, likakohoa tena.

Nyuma ya leso mama mkwe alianza kuongea na binti yake kwa lugha yetu, sauti ya chini, na kwa sababu ya bomba langu sikusikia kitu. Aliongea muda mrefu. Nafula alisikiliza, akaitikia, kisha akanigeukia.

"Mama anasema uendeshe pole pole."

Nikajiuliza hotuba ile yote imewezaje kufika kwangu ikiwa maneno matatu. Lakini mkwe haulizi. Nikaendesha pole pole.

Tulipofika juu, kule Limuru kwenye baridi na wauza viazi, nilijaribu tena. Gari likaondoka kama halijawahi kuugua. Nikacheka. Nikamweleza Nafula kwa kirefu kwamba tulikuwa tumepata mafuta machafu kidogo na sasa yamekwisha kupita. Nilieleza vizuri sana, na michoro kwa kidole kwenye dashibodi. Hakuna hata neno moja la maelezo yale lililokuwa kweli.

Nairobi, kwa Brayo

Ningejua, ningepita Nairobi bila kusimama. Lakini rafiki yangu Brayo ana gereji Industrial Area, na nilitaka aniangalizie kwa kompyuta, dakika kumi tu. Dakika kumi za fundi mnazijua.

Brayo ni kijana mcheshi ambaye hulipenda gari langu kuliko ninavyolipenda mimi. Alichomeka kompyuta yake, akasoma, akapiga mluzi. Silinda zote nne zilikuwa zimerekodiwa kukosa moto.

"Msee, hizi koili zako zimeenda. Zote."

Hapa ndipo ninapojilaumu. Koili ni zile zinazotengeneza umeme wa cheche, moja kwa kila plagi, na koili nne hazifi siku moja, saa moja, kwenye kona moja ya Mai Mahiu. Kitu kikiziumiza zote nne pamoja, hicho kitu kiko nje ya koili. Nafundisha wanafunzi jambo hilo hilo maabara kila muhula: kosa likitokea kila mahali, usitafute mahali pamoja. Lakini mganga hajigangi. Nilikubali, tukatuma mtu dukani, tukafunga koili mpya.

Mama mkwe alikuwa amewekewa kiti kivulini, upande wa pili wa uwanja, amenipa mgongo nami nimempa wangu. Simu ya Voi iliingia mara mbili. Mara ya pili Nafula alikuja akaniambia daktari amepita na karatasi, na Mama Mkubwa amemwambia kwamba mdogo wake yuko njiani na mkwe mwenye gari la mbio. Alisema maneno hayo ya mwisho bila kutabasamu.

Tukalipeleka gari kulijaribu. Brayo akasema twende upande wa Ngong, kuna kilima kizuri. Tukapanda hadi juu, tukikanyaga, na gari likapanda bila kikohozi hata kimoja. Brayo akanipiga begani, nami nikampiga lake. Wanaume wawili wazima, tumelipandisha gari mlimani kulipima ugonjwa unaolishika bondeni. Tuliondoka Nairobi saa sita.

Athi River hadi Emali

Lilikohoa tena baada ya Athi River. Tulipofika mji wa Salama likakohoa zaidi, na kule kwenye milima ile midogo malori yalianza kunipita, mimi niliyezoea kuyapita. Dereva mmoja alinipigia honi ya huruma. Nilihisi hasira ya aibu, ile inayokufanya useme na chuma. Nikasema koili ni feki. Nikasema Brayo hajakaza kitu. Nafula akaniuliza kama nimemaliza, na nilipomaliza akaniuliza tutafika saa ngapi.

Nikaanza kupiga hesabu ya kilomita na saa, na hesabu ikakataa.

Kila likikohoa, mafuta yasiyoungua yalibaki kwenye plagi, yakizipaka masizi, na plagi yenye masizi hutoa cheche dhaifu zaidi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa unajilisha wenyewe. Kufika Emali lilikuwa linakohoa hata nikikanyaga nusu. Nikasimama lipoe. Mtu aliyekuwa anachoma mbuzi kando ya barabara alikuja na kisu chake mkononi, akasikiliza injini, akasema gari limepatwa na joto la Ukambani, watu wa baridi wakija hapa wote huwa hivyo. Nilimwona mjinga. Jamani, huyo naye alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na Brayo na kompyuta.

Nafula alikula mbuzi yule na kachumbari. Mama mkwe alikula samaki wake aliotoka nao nyumbani, nyuma ya leso, nami nikala ndizi mbili nikiwa upande wa pili wa mti wa mwarubaini. Saa moja baadaye, kule Kibwezi, tulisimama tena, safari hii kwa ajili ya Nafula. Kachumbari ilikuwa imemkataa. Alirudi garini amekuwa rangi ya majivu, akalaza kiti, akafunga macho na kuniomba nisimsemeshe.

Alhamisi ile nilimwogopa mama mkwe wangu kama sijawahi. Asingenitukana, hilo najua. Tungechelewa, Mama Mkubwa angekosa nafasi yake, na mama mkwe angerudi Eldoret nyuma ya leso ile ile bila kusema kitu. Angeendelea kutosema kitu mpaka mmoja wetu azikwe.

Mtito Andei

Gari lilikata tamaa tulipoingia Mtito Andei, saa kumi kasorobo. Halikuzima kabisa, ila lilikuwa linatembea mwendo wa mtu mwenye mizigo. Nikalisukumia kando, mbele ya banda la mtu wa kuchomelea vyuma aliyekuwa anatengeneza mlango wa nyumba. Nikafungua boneti. Nikachomoa koili moja, nikairudisha. Nikakagua nyaya. Nikazikagua tena. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikashika usukani na kukaa. Voi ilikuwa karibu kilomita mia moja mbele. Nafula alikuwa amelala mdomo wazi, jasho usoni, na sikuwa na moyo wa kumwamsha nimwambie mama yake kwamba nimeshindwa.

Hapo ndipo sauti ilianza nyuma ya leso.

"Baba Mungu," mama mkwe alisema.

Niliinamisha kichwa. Mkwe au si mkwe, mtu akiomba unainamisha kichwa.

"Baba, mimi sijui gari. Hata usukani sijawahi shika. Lakini wewe umekuwa na sisi njia yote, na umeona. Kule chini Mai Mahiu masikio yangu yaliziba, gari ikakohoa. Tukapanda juu kwa baridi, masikio ikafunguka, gari ikanyamaza. Tumetoka Nairobi tukashuka, masikio ikaziba tena, gari ikakohoa tena. Sasa hapa, Baba, masikio imeziba kabisa, na gari imelala. Nilimwambia Nafula amwambie mwenye gari. Wewe ndiye unajua kama alisema."

Hakusema amina. Alingoja. Nilikaa nikitazama vumbi kwenye kioo cha mbele. Nilitaka kuuliza swali, na hakuna njia ya kumwuliza. Halafu nikaona njia ipo, ndiyo hiyo hiyo aliyoifungua yeye. Nikafumba macho.

"Baba," nikasema, "kama inawezekana nijue. Pale Nairobi, kwa Brayo, masikio yalikuwa namna gani?"

Nyuma ya leso mto ulisogea.

"Baba, pale ilikuwa nusu nusu."

"Na Timboroa, Baba?"

"Baba, Timboroa ilikuwa wazi. Ilikuwa baridi tu."

"Amina," nikasema.

"Amina," akasema mama mkwe wangu.

Nilitoka kwenye gari nusura nisahau kufunga mlango. Ndugu zangu, kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo ni mtu wa Eldoret pekee anayeweza kulifanya. Tangu nimalize injini ile, gari halijawahi kushuka bondeni. Nimelijaribu barabara ya Iten, nimelijaribu Chepsaita, siku moja nikalifikisha Nakuru nikajiona nimefika mbali. Kote huko ni juu, na hewa ya juu ni nyepesi. Tabo kazi yake ni kuongeza hewa juu ya ile inayoikuta. Kule kwetu inakuta kidogo, inaongeza, na cheche inaruka pengo la plagi bila taabu. Huku chini inakuta hewa nzito, inaongeza kiasi kile kile juu yake, na ndani ya silinda panakuwa na msongamano. Cheche ile ile, pengo lile lile, inashindwa kuvuka. Inazimwa kama kiberiti kwenye upepo. Na pengo nilikuwa nimelipanua mwenyewe mwezi mmoja uliopita, kwa sababu nilipenda jinsi gari lilivyokuwa linanguruma taratibu likisimama.

Kompyuta haikusema hivyo. Masikio ya mama wa miaka sabini na mbili ndiyo yaliyopima hewa njia nzima, na mpimaji alikuwa na matokeo yote tangu saa tatu asubuhi.

Dawa ilikuwa rahisi. Kubana pengo, kusafisha masizi, na kupunguza nguvu ya tabo kwa kifundo cha kuzungusha nilichokiweka chini ya dashibodi. Ila kipimo changu cha pengo, kile cha vibati vyembamba, kilikuwa kimelala mezani Kimumu. Kubana pengo kwa macho ni kubahatisha. Nilimwendea yule mtu wa kuchomelea. Aliitwa Mutua, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwomba kitu chochote chembamba chenye unene ninaoujua. Akafikiri, akaniuliza kama ubapa wa msumeno wa kukatia chuma utanifaa.

"Hii haidanganyi," alisema. "Yote ni unene moja, hata ile ya babu yangu."

Ni kweli, na nilikuwa naujua unene ule: zaidi kidogo ya nusu milimita, ndio hasa nilioutaka. Alivunja kipande kutoka kwenye ubapa uliochakaa akakisugua meno yaishe. Tukachomoa plagi kwa kitambaa, maana zilikuwa za moto. Zote nne zilikuwa nyeusi tititi. Mutua akazisugua kwa brashi ya waya na petroli, mimi nikazigonga moja moja kwenye jiwe, polepole, nikipima, mpaka kipande cha msumeno kikapita kwa shida kidogo. Mutua alipoona leso na kuelewa, alikwenda upande wa pili wa gari na kumpa mama mkwe maji baridi kwenye kikombe cha bati, akasubiri akinywa, akarudi kazini kwake.

Nafula aliamka tulipokuwa tunafunga koili ya mwisho. Nilimwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, mama yake alikuwa amesema nini kule Mai Mahiu.

"Alisema kitu juu ya masikio," alisema. "Nikaona ni mambo ya uzee. Halafu wewe ukianza kueleza juu ya hiyo gari, hatungefika Limuru."

Hilo pia lilikuwa kweli. Nikawasha. Injini ikaamka safi. Nikatoka barabarani, nikangoja lori lipite, nikakanyaga mara moja tu kupima. Likavuta, likaendelea kuvuta, bila kukohoa. Nilipiga kelele ndani ya gari, na nyuma ya leso nikasikia mtu akipiga kofi moja kwenye paja.

Voi

Kilomita zile za mwisho sikumbuki niliona nini. Nafula anasema kulikuwa na tembo wekundu upande wa kushoto. Mimi niliona barabara na saa ya dashibodi. Sikulikanyaga kwa fujo, nilikuwa nimeshapunguza tabo na nimeshapata adabu, lakini halikupungua mwendo hata kwenye mlima mmoja.

Tulifika lango la hospitali saa kumi na mbili kasorobo. Askari wa langoni akainua mkono. Alisema gari lenye sauti ile haliingii, wagonjwa wanalala. Nilikuwa tayari kugombana naye, na kwa kweli nilifungua mdomo, lakini yeye alikuwa ameshamwona mama mkwe akijaribu kushuka na mgongo ule. Akakimbia ndani akaja na kiti cha magurudumu, akamsukuma mwenyewe, Nafula akifuata na viatu mkononi. Mimi nilibaki. Mama Mkubwa naye ni mama mkwe kwangu, siwezi kuingia wodini na kumkuta amelala kwa nguo za hospitali.

Nikaketi kwenye benchi chini ya dirisha. Dakika chache baadaye nilisikia wanawake wawili wakilia kwa sauti, halafu wakicheka, halafu mmoja akimgombeza mwenzake kwa lugha yetu kwamba amekonda. Nafula alitoka saa kumi na mbili kamili, akaniambia sahihi imetiwa. Nilishika kichwa kwa mikono miwili nikakaa hivyo mpaka askari akaniletea chai.

Tulilala kwa jirani ya Mama Mkubwa, mimi kwenye banda la nje kama inavyopasa. Ijumaa asubuhi walimpeleka Mama Mkubwa kupasuliwa. Mama mkwe aliruhusiwa kukaa kwenye korido ya ndani. Mimi nilirudi kwenye benchi langu, askari akiwa karibu yangu, na tukangoja. Saa tatu. Saa nne. Saa tano askari alinieleza habari za watoto wake wote, nami sikusikia jina hata moja. Nafula akaenda kutafuta uji, ili mama yake ale kitu.

Karibu saa sita mlango wa korido ukafunguka, mama mkwe akatoka. Alikuwa peke yake, amejishika ukutani. Aliangalia huku na huku akimtafuta binti yake, hakumwona. Mimi nikasimama na kutazama chini. Nilisikia anavyohema. Kisha akamgeukia askari.

"Mwambie huyo kijana," alisema, "dada yangu ameamka. Wametoa yote. Ameuliza kama sisi tumekula."

Askari alitutazama, yeye kisha mimi, hatua tatu kati yetu. Akanigeukia, akaniuliza kama nimesikia au arudie.

Nikamwambia arudie.